Jiliwa Kwanza

Weka hilo sanduku chini, Ožbalt.
Vifaa thelathini kwa bei ya kumi,
na ishirini utavitupa kabla theluji haijayeyuka.
Koleo lake halishiki hata unyoya wa kifaranga,
mkasi wake unatafuna uzi badala ya kuukata.
Mimi ndiye niuzaye, nami nakwambia usinunue.

Najua bahasha hiyo imetoka wapi.
Wenzako wa kiwanda cha mbao wamechanga
baada ya msumeno kuuacha mkono wako wa kushoto
umelala mfukoni kama glavu ya mtu mwingine.
Wamesema apewe kitu cha kufanya jioni,
asije akaanza kuhesabu mbao za dari.

Basi jiliwa kwanza.
Si lile linalong'aa, linalozunguka kama bembea ya sikukuu.
Chukua hili jeusi, zito, la kitako cha chuma:
halitaki kubanwa ukingoni mwa meza,
hukaa lilipowekwa, kama mdai mlangoni.
Jaribu. Ndoana namba kumi na mbili, bonyeza wenzo,
sasa ivute. Ivute kwa hasira.
Umeona?
Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, kiwe hiki.

Jana usiku, nilipokwisha kufunga duka,
nilikalia mkono wangu wa kushoto.
Usicheke. Niliukalia mpaka ukafa ganzi,
nikajaribu kila kilichomo katika kabati hili.
Miaka thelathini na mmoja nafunga nzi wa bandia,
nimewafundisha madaktari na mapadri,
wala sikujua kwamba wa kushoto ndio ufanyao kazi
na wa kulia ndio usifiwao.

Uzi ulinishinda mara tisa.
Kishikauzi cha mdomo wa chuma kiliukata.
Hiki cha mdomo wa kauri hakikuukata,
na ukikiachia kinaning'inia,
kinaukaza uzi chenyewe huku wewe unatafuta unyoya.
Huo ndio mkono wako wa pili, euro tisa.
Na koleo hili dogo lenye mpira kinywani,
linauma ncha ya unyoya wa jogoo
hadi uzunguke shingo yote ya ndoana bila kuteleza.
Kifungafundo, kiache. Kinadai mikono miwili
na subira ya mtawa.
Mimi nilimalizia kwa mafundo ya kawaida na tone la gundi.
Mkasi... sina hakika na mkasi. Chukua huu wa euro sita.

Wapo wasemao mkono mmoja haulei mwana.
Nzi si mwana. Hata hivyo huyu wangu,
aliyezaliwa saa saba za usiku,
kichwa kikubwa, mbawa zimepishana,
nilimpenda kuliko wote waliomo kwenye vioo vile.

Manyoya usinunue.
Jogoo wa dada yako Neža anatosha,
na akikataa, subiri Krismasi, atachinjwa.
Uzi mweusi, uzi wa rangi ya zeituni,
ndoana ishirini na tano. Chenji yako hii.

*

Aprili, mto Soča ukiwa bado na baridi ya milimani,
kengele ya mlango ikalia.
Ožbalt akaweka mkasi juu ya kaunta.
"Huu sikuutumia," akasema. "Nimeupata wa Pavla,
aliokuwa akikatia matundu ya vifungo.
Una kutu kidogo, lakini unakata kwa ncha."
Nikamrudishia euro zake sita.

Sikumuuliza habari za samaki.
Ukosini mwa koti lake walikuwa nzi watatu,
wawili wa gundi, kama nilivyomwagiza.
Wa tatu hakuwa na gundi hata chembe.
Nikaomba kumshika, nikamtazama kwa kioo cha kukuzia:
fundo limelala safi nyuma ya tundu la ndoana.
Hakusema alilifungaje,
na usiku ule nikaukalia tena mkono wangu,
mpaka saa tisa,
sikulipata.