Gobori la Mzee Mcha

Nilirithi vitu vitatu: mikarafuu kumi na mmoja,
deni la dukani kwa Haridi, na gobori.
Mikarafuu tuligawana. Deni nikalilipa.
Gobori likabaki nyuma ya mlango, limevikwa foronya
kama mgonjwa anayeona haya.

Wete nzima inajua habari zake:
lilikwenda bara na misafara, likarudi na bwana wake;
lilimwangusha nguruwe Ngezi, usiku, kwa risasi moja.
(Babu akiongeza nguruwe mmoja kila Ramadhani.
Alipofariki walikuwa saba.)

Nikalipeleka kwa Ussi Vuai, fundi wa cherehani,
maana kamani imekatika,
shingo ya kitako ina ufa unaomeza ukucha,
na taya la kuumia jiwe halina jiwe.

Ussi hakuniuliza historia.
Alidondosha mafuta ya taa kwenye parafujo, akangoja,
akaenda kukaza mkanda wa cherehani ya Bi Tumu,
akarudi, akafungua.
Kasiba ikatoka kwenye mti kama jino la mtoto, bila ubishi.

Hapo ndipo.
Chini ya kasiba, mahali jua halikuwahi kufika,
namba tano na herufi mbili.
"Mtu wa zamani hugonga namba kwa nyundo," akasema,
"moja husimama, moja hulala. Hizi zimepanga foleni."
Akaizungusha parafujo kidoleni: "Na hii nnayo dukani."
Akaukwangua mti, akanusa:
"Si msaji. Mti mweupe, umenyweshwa rangi."

Kisha akachukua sindano ya cherehani, namba kumi na nane,
akatafuta tundu la moto,
pale cheche inapopita kuifuata baruti.
Sindano ikagonga chuma.
Akaligeuza upande. Ikagonga chuma.
"Halikutobolewa. Hili, kaka,
halijapata kusema neno tangu kuzaliwa."

Nguruwe saba wakainuka Ngezi,
wakajikung'uta, wakaenda zao.

Nikamkuta Bi Chumu uani, anaanika makonyo.
Hakuinua kichwa.
"La kweli liliuzwa. Baba yako alikaa vibaya tumboni mwangu,
wakasema twende hospitali, Unguja.
Boti haipandwi kwa hadithi."
Na hili, bibi?
"Alilinunua Shangani kwa muuza vinyago, miaka mingi baadaye.
Alikuja nalo limefungwa gazeti.
Ule ukuta mtupu ulikuwa ukimwangalia."
Akatandaza makonyo kwa kiganja, polepole, mpaka pembe ya jamvi.
"Nguruwe wake wote nilimhesabia mimi.
Wewe ulitaka nifanye nini?"

Ussi alichonga kamani kutoka kipande cha msumeno,
akaipasha moto hadi ikawa rangi ya zambarau,
akaizamisha kwenye mafuta ya nazi, ikalia.
Ufa akautia gundi na waya wa shaba, mizunguko kumi na mitatu,
wala hakuficha. "Kiraka kiwe kiraka."
Gumegume hatukupata;
akavunja viberiti vya gesi vilivyokufa, vinne,
akavibana vijiwe vyake kwa kipande cha bati.
Kisha akashika keekee.
"Nitoboe? Dakika mbili tu, liwe bunduki."

Nikamfikiria sheha na daftari lake.
Nikamfikiria zaidi yule aliyekuwa akihesabu.
"Acha."

Umeme ulikuwa umekatika.
Akavuta mtambo, akafyatua.
Cheche zikaruka, chache, nyekundu,
zikaangalia huku na huku, zikakosa mlango,
zikafa juu ya meza ya cherehani.

"Elfu ishirini," akasema Ussi gizani.
"Na foronya hii, ifue."