Bila Uzi

Walinipima kwanza.
Msichana wa mashine akasema, usipepese, mzee,
akalipima jicho langu urefu
kama nilivyopima mabega ya nusu ya Kadutu
kwa utepe uliofutika tarakimu.
Akaandika: ishirini na moja na nusu.
Nikamuuliza, na kiuno je?
Wauguzi wakacheka. Mimi nilikuwa naogopa.

Mtoto wa jicho, wanamwita.
Miaka minne nimembeba, hakulia hata siku moja.
Alianza kwa kunywa bluu,
akaja akanywa uzi mweusi,
mwisho akalala juu ya tundu la sindano
na Nshobole, mjukuu wangu, akawa ananitungia
kabla ya kwenda shule, sindano kumi
zimechomekwa mstarini kwenye kola ya koti langu.

Munganga alikuwa na mikono ya mshona vifungo.
Kisu sikukiona. Niliona taa tatu zikiogelea,
maji, mlio mwembamba kama cherehani ya jirani
ikipita kwenye hariri,
na ukungu ukanyonywa, kipande kwa kipande.
Mahali pake pakaingia lenzi
iliyokunjwa kama leso ya mfukoni;
ikajikunjua humo ndani, ikatulia.
“Tayari, Mzee Zihalirwa.”
Tayari? Na mshono?
“Hakuna mshono. Kidonda kitajifunga chenyewe.”

Miaka arobaini na moja nimekula kwa uzi,
huyu ananiambia kilichokatwa hujifunga chenyewe!
Nililala na bandeji, nimeudhika.

Asubuhi wakaifungua.
Nitasema ukweli: ziwa sikulitazama.
Lilikuwepo dirishani, bluu tupu, likingoja sifa.
Nilitazama mkono wa shati langu.
Nililishona mwenyewe, mwaka jana.
Mshono ulitembea kama mlevi wa kasiksi
anayeshuka Nyamugo wakati wa mvua.

Tukarudi kwa miguu, nikawa nahesabu.
Shemasi: mfuko mmoja juu, mmoja chini.
Kijana wa Cirhuza, suruali ya shule,
uzi wa kijani juu ya bluu.
Miaka minne.
Walilipa. Walishukuru.
Hakuna aliyerudisha nguo.
Nikamwangalia Nshobole; akatazama viatu vyake.

Na pale kwenye kona, Mama M’Kabamba
akipanda na beseni la sambaza kichwani,
amevaa kile kitenge cha harusi ya binti yake,
bega moja limekimbia shingo.
“Fundi! Umepona? Unaniona?”
Huku anauliza, anageuka kidogo kidogo,
bega lile analipeleka ukutani.

Jicho la kushoto lina zamu yake mwezi ujao.
Nikafumba la kulia kana kwamba linauma,
nikamjibu kwa lile la zamani:
Kidogo tu, mama.
Rangi tu, kwa sasa.