Mashine Namba Tisa

Mwalimu Mkunde hana haraka.
"Diski," anasema, "ni kama kihamba cha urithi:
kabla hujapanda, ujue mpaka uko wapi."
Kisha anatugawia flashi, moja kwa watu wawili,
zimeandikwa namba kwa rangi ya kucha.

Mimi na Elinipa tumepata namba tisa.
Boksi lake limepauka, lanuka ghala,
na tulipolifungua kupuliza vumbi
ilidondoka buni moja, kavu,
nyepesi kama jino la mtoto.
Chuo kilizinunua kumi na nne kwa mnada
chama cha msingi kilipofunga ofisi kule Kibosho.

Zima. Washa. Gonga F12 kabla hujapepesa.
Mara mbili tulichelewa, mara mbili mfumo wa zamani
ukaamka na kumsalimu mtu asiyekuwepo:
Karibu, Karani.
Mara ya tatu vidole vya Elinipa,
vinavyokamua ng'ombe wawili kila alfajiri
kabla hajateremka kutoka Uru,
vikawahi.

Chagua lugha. Kiswahili kimo! Nyuma wakapiga makofi.
Chagua saa za eneo. Nairobi ipo, Dar es Salaam ipo,
Moshi haipo, ila hatukugombana, saa ni ileile.
Ipe mashine jina. Elinipa akaandika Mbege.
Mwalimu akapita nyuma yetu, akakohoa.
Tukaandika Tisa.

Halafu:
Data zote kwenye diski hii zitafutwa. Endelea?

Darasa zima likaendelea. Nilisikia vitufe, ta, ta-ta,
kama bisi zinapoanza kuruka sufuriani.
Mimi nikachomoa flashi.
Sijui kwa nini. Labda ile buni.
"Unatuchelewesha," alinong'ona Elinipa,
lakini akanisogezea kibodi.

Neno la siri lilikuwa kahawa.
Karani gani angeweka jingine?
Folda ndani ya folda, msimu juu ya msimu,
majirani wote wamepangwa kwa alfabeti,
waliokufa na walio hai, kila mtu na kilo zake,
na katikati, kwa herufi kubwa:

NDEWIRWA K. Kilo 212. Daraja la pili.
Malipo ya awali: yametolewa.
Malipo ya pili: bado.

Bado.

Mwaka ule mama alisubiri hela ya mabati.
Baba alishuka ofisini asubuhi, akarudi usiku
mikono mitupu, mdomo unanuka pombe ya kununuliwa na wenzake,
akasema, "Hawajatulipa," mara moja tu.
Mama hakuamini, wala hakumgombeza.
Tangu siku ile humpakulia chakula bila kumtazama.
Masika iliyofuata baba aling'oa mibuni yote
akapanda nyanya. Mifereji ni ileile,
nyumba inavuja palepale.
Nami nimekua nikijua, bila kuambiwa na mtu,
kwamba mabati yetu aliyanywa.

Printa ya chuo haina wino tangu Januari.
Nikageuza karatasi ya zoezi, nikaandika kwa kalamu,
jina, kilo, daraja, tarehe,
na neno lile moja, kama lilivyokaa kwenye safu yake.
Elinipa hakuuliza. Aliniazima rula nipige mstari.

Kisha nikarudisha flashi. F12. Kiswahili. Dar es Salaam. Tisa.
Endelea? Nikabonyeza,
na kijani kikaanza kujaza mfereji wake pole pole:
asilimia nne, kumi na moja, sitini,
Ndewirwa na majirani wote wakiondoka bila kishindo.

Ilipowaka upya ilikuja na picha ya mlima,
mlima wa watu, una ziwa miguuni.
Wetu ulikuwa dirishani, umejifunika mawingu.
Mwalimu Mkunde akajaribu sauti, akajaribu kipanya,
akakata alama mbili kwa kuchelewa
na kuidai karatasi ya zoezi.

"Nimeiharibu, Mwalimu."
Zikawa nne.

Sasa nimesimama Kiborloni, karatasi imelowa jasho mfukoni.
Nyumbani watakuwa jikoni wote wawili,
yeye akimenya ndizi, yeye akichochea moto,
na sijui nimkabidhi nani kwanza.