Maneno Matatu

Kila Februari nilipanda mpaka Peñas Azules
na mkoba wa fomu, kalamu mbili, saa ya mkononi.
"Bi Hermilda, nakupa maneno matatu.
Yashike, nitakuuliza baadaye:
kiatu, mlima, sukari."
Mwaka wa kwanza aliyashika kama chenji ya sokoni,
akanirudishia yote, na swali juu yake:
"Na wewe wanakulipa kwa kazi hii?"

Mwaka wa tatu, mawili.
La tatu, alisema, amemkopesha jirani.
Tulicheka. Nikaandika: mbili kwa tatu.
Fomu haina kisanduku cha kicheko.

Mama yake ulimwanza na miaka arobaini na minne.
Mjomba wake alitoka alfajiri kukamua ng'ombe,
akakutwa kesho yake katika basi la kwenda pwani,
ndoo mapajani, maziwa yameganda.
Wazee wa kule waliuita uzuzu.
Wengine walisema ni laana ya padri aliyeibiwa sadaka,
wengine, ni mti fulani, ole wako ukiugusa.
Sisi tulikuja na sindano, tukachora ukoo ukutani:
duara mwanamke, mraba mwanamume,
wino mweusi kwa aliyesahau.
Ukuta ulijaa. Tukahamia mlangoni.

Mwaka wa saba aliinama, akatazama miguu yake.
"Kiatu," akasema.
Sikujua kama amekumbuka au amekiona.
Nikampa alama.

Mwaka wa kumi aliniita mama.

Jana usiku, saa nne, simu.
Husemwa akili ni nywele, kila mtu ana zake;
Yolima, bintiye, alimsuka mamaye kabla hatujamgusa,
mikia miwili, utepe wa buluu,
akaniomba: "Mkimaliza, mshone vizuri. Nywele zifunike."
Sebuleni rozari ilikuwa inazunguka,
kahawa inazunguka nayo.
Karatasi ya idhini aliitia sahihi mwenyewe, mwaka wa pili,
mwandiko umesimama wima kama uzio mpya:
*Mimi nikishindwa kuutumia, utumieni nyinyi.*

Aldemar aliendesha. Mimi nilipakata ndoo ya barafu.
Ukungu ulikuwa mzito, taa zikamulika weupe mtupu.
Kwenye kona ya tatu mlima ulikuwa umeshuka barabarani,
matope, mawe, mgomba mzima umesimama na mizizi yake.
Askari akaja na kurunzi. "Mmebeba nini? Jibini?"
Aldemar akanitazama. Nikasema:
"Tumembeba Bi Hermilda wa Peñas Azules.
Barafu inayeyuka."
Alivua kofia. Hakuuliza tena.
Akatutangulia kwa miguu, akipima matope kwa fimbo,
hadi upande wa pili.

Medellín, saa kumi na moja alfajiri.
Eucaris ananisubiri na glavu zake za zambarau,
macho mekundu, redio chini kabisa.
Mizani inasema gramu mia nane na sabini.
Anaisoma mara mbili, kwa sauti, mimi naandika.
Nusu ndani ya dawa, nusu kwenye baridi kali,
vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
na namba badala ya jina.
Wino ukiingia, ananieleza, uchafu utaonekana:
madoa ya kahawia, nyuzi zilizojisokota,
kama mtu aliyefunga fundo akasahau kwa nini.
Ni kwa hayo tunaamka.
Dawa bado hatuna. Nimelisema hilo milangoni mara nyingi
hata halinikwami tena kooni, na hilo linanitisha.

Yolima ana miaka thelathini na minane.
Februari kiti ni chake.
Alinisindikiza hadi garini, shali begani,
akanitilia kipande cha sukari guru mfukoni, cha njiani.
"Yale ya mama usinipe," alisema.
"Hayo hata usingizini nayajua."

Njia nzima nimekuwa nikitafuta mengine.
Ndoo, hapana.
Utepe, hapana.
Daraja, labda.
Kitunguu.