Hesabu Nyuma ya Bahasha ya Gesi

Koruna elfu mbili na mia tatu.
Nimeziandika juu kabisa, nikazipigia mstari,
kana kwamba mstari utazizuia zisimwagike.

Ninaoka mikate usiku, hapa Ostrava.
Mchana ninalala, pazia limefungwa,
na tangu Novemba kijani pekee nilichokiona
ni taa ya barabarani ikiniruhusu kuvuka.
Ndiyo maana nataka tangi.
Si la samaki. La majani.
Samaki wakija, waje kama wageni,
wakute nyumba ina bustani.

Dukani kwa Radovan liko moja
ambalo kioo chake hukioni mpaka upige chafya mbele yake.
Taa nyembamba kama rula,
mtungi wa gesi unaopumua kwa saa.
Nikauliza bei.
Radovan akaitaja taratibu, kama daktari.

Nikairudia bahasha.
Lita ishirini na tano, au sitini?
Dogo ni rahisi kulinunua, gumu kulilea:
humo kosa la kijiko ni sumu;
kwenye kubwa, kosa ni kosa tu.
Dada yangu Drahomíra anasema, nunua ua la plastiki,
mkono mtupu haulambwi.
Wangu si mtupu, nikamjibu. Wangu una unga.

Kule Poruba, Slavěna anauza la sitini kwa mia nne.
Mumewe alihama Januari na samaki kwenye ndoo,
akamwachia kioo na mkwaruzo.
"Mkwaruzo uko upande gani?"
"Upande wake," akasema.
Basi utautazama ukuta.

Nilirudi nalo kwenye tramu, nimelipakata,
mtoto wa kiti cha mbele akiyakodolea magoti yangu
kupitia vioo viwili.

Kwenye taa sikubana: mia saba na tisini.
Waweza kumdanganya mgeni kwa kitambaa cha meza,
jani hulidanganyi na giza.
Chujio nilipata kuukuu, linakohoa, mia tatu na hamsini.
Hita nikaifuta; tangi litakaa ubavuni mwa rejeta
kama paka.
Mchanga wa mto, mia na ishirini.
Na chini ya mchanga, udongo wa bure,
wa chungu cha ua lililonifia kibarazani,
nimeuchekecha kwa chekeche la kazini
(nililiosha mara tatu, usiulize zaidi).

Zikabaki mia sita na arobaini.
Mimea saba, tisini kila mmoja:
makangaga, nyasi za kujikunja,
na ule wa majani mazito, asili yake mito ya Kamerun,
usiotaka makuu, wala kuzikwa mizizi,
ufunge tu kwa uzi juu ya jiwe
nao utajua la kufanya.
Kumi zilizosalia ni nauli ya nani? Hata nusu ya safari sifiki.

Lakini ile pumzi ya mtungi iliniuma.
Mpaka saa tisa usiku, mikono ikiwa ndani ya kinyunga,
unga ukiumuka taratibu chini ya viganja vyangu,
nikaanza kucheka peke yangu, msimamizi akachungulia.
Miaka kumi na moja nafuga gesi ileile
na kuipasua kwa ngumi!
Chupa ya soda, sukari, hamira ya kubana kwa vidole viwili,
mrija uliotobolewa kifunikoni.
Alfajiri kiputo cha kwanza kilipanda,
kikasita chini ya jani, kikabaki.

Sasa ni wiki ya tatu. Maji yana rangi ya chai.
Nyasi nusu zimeyeyuka, ndivyo zinavyohamia, nasikia.
Konokono mmoja kaja bure, kajificha ndani ya kangaga;
sikumwandika popote.
Drahomíra huja Jumapili, huvuta kiti,
husema hakuna cha kuona humu,
na haondoki.

Nami hulala nikiwa nimeuelekea mwanga ule,
chupa ikihesabu, tik, tik,
na bili ya gesi ingali ndani ya bahasha.