Mkwaruzo wa Dakika ya Pili

Jumapili saa kumi, mlango wa Nkwabi fundi redio
huachwa wazi nusu. Hiyo ndiyo kadi ya mwaliko.
Tunaipanda Mabatini kwa ngazi za mawe,
kila mtu na santuri moja kwapani,
moja tu, ndiyo sheria, maana mwaka juzi Magesa
alileta kreti zima la soda na hatukulala.

Nyanjige huja na zile za polepole,
zenye saksafoni inayokohoa kwanza kabla ya kusema.
Bwire wa maabara, yeye ni magitaa ya umeme,
ngoma kama bati linaezuliwa,
na kwenye jalada Wazungu wanne wenye nywele hadi kiunoni.
"Hii sasa ndiyo roki," husema,
nasi humjibu: "Roki gani, Bwire? Mwamba tumeukalia."

Kweli tumeukalia. Jiwe limeingia hadi ndani ya kibanda.
Nkwabi aliposhindwa kulivunja alijenga ukuta juu yake,
akaiweka gramafoni papo hapo;
lori la mchanga likipita bondeni
vikombe hulia, sindano haitikisiki.

Mimi ni fundi cherehani. Sindano naijua.
Yangu huzama kitambaani, ikatoka na uzi.
Ya Nkwabi huzama mfuoni, ikatoka na watu.

Santuri yangu ni ya mjomba Mafuru, mpishi wa meli
enzi zile meli ya Kisumu ikitia nanga na marobota.
Aliinunua gatini kwa saa ya mkononi iliyosimama,
na aliyeuza hakuuliza.
Maandishi ya katikati yamefutika,
limebaki duara jekundu na herufi mbili.
Nani anaimba, hatujui. Lugha si yetu.
Magesa anadai ni habari za treni.
Nyanjige anasema hapana, huyo amefiwa.
Mwaka wa sita huu tunabishana.

Dakika ya pili ina mkwaruzo.
Mjomba aliidondosha dhoruba ilipowakuta karibu na Ukerewe,
au aliporushiwa na shangazi:
ilitegemea chupa ya ngapi.
Sindano ikifika pale hujikwaa, huruka
kutoka kwenye kilio moja kwa moja hadi kibwagizoni,
na sisi sote, bila kuambizana,
huinua bega la kushoto tuvuke naye.

Mwezi uliopita, Barabara ya Pamba,
nimetoka kununua vifungo,
spika ya duka la simu ikautoa wimbo ule.
Mzima. Safi kama sahani iliyosuuzwa.
Dakika ya pili bega langu likapanda lenyewe,
lakini mwimbaji hakuruka. Aliendelea,
akatembea mahali ambapo sisi hatujawahi kufika:
mistari minne, kinanda kidogo, pumzi.
Kijana wa duka akaniuliza,
"Mama, bega linauma?"

Jina la wimbo lilikuwa pale, kwenye kioo cha simu yake.
Ningeweza kulisoma.
Nilihesabu vifungo vyangu, vilikuwa kumi na viwili, nikaondoka.

Jumapili nikazipanda ngazi. Sikuwaambia.
Magesa akaileta tena kesi yake ya treni,
Nyanjige akaushikilia msiba wake,
kisha umeme ukakatika, puu, katikati ya beti.
Nkwabi hakusema kitu. Akaweka kidole cha shahada
kwenye ukingo wa santuri, akaizungusha taratibu,
nasi tukainamisha vichwa pamoja, masikio juu ya sindano,
kuisikia ile sauti ndogo, nyembamba kama ya mbu,
inayobaki spika zikinyamaza.

Mkwaruzo ukafika.
Bega la Bwire likanigonga shavu.
Wao walikuwa wameshavuka, wako kibwagizoni,
mimi bado niko kwenye mstari wa tatu, nakuja.