Sabule

Bi Mwanakheri ameileta simu kibandani kwangu, Langoni,
imefungwa kwa leso kama kuku mgonjwa.
"Hii programu ya michoro ya hina," asema,
"yataka maikrofoni. Hina ina masikio?"

Sicheki. Nimewahi kuona tochi ikiomba orodha ya mashemeji.

Namweleza kwa nyumba yake, aijuayo:
mgeni wa kahawa huishia daka,
huondoka asijue rangi ya pazia.
Mgeni wa kulala hupewa sabule,
chumba cha juu chenye ngazi yake,
apande, ashuke, asikate kiwanda,
asijue ni nani akohoaye ndani.
Iphone ya mwanao aliyeko Doha ilijengwa hivyo tangu msingi.
Yako, ya Android, zamani ilikuwa na adabu za mnada:
ruhusa kumi na mbili kwa mpigo, chukua zote au acha.
Siku hizi imejifunza kubisha hodi mojamoja,
hata kusema "mara hii tu",
neno ambalo wakwe zangu hawajalisikia.

Kompyuta ile ya Windows, hapo kaunta, ni nyumba ya harusi:
aliyevuka kizingiti keshafika jikoni,
afunua masufuria kwa jina la mwenye nyumba.
Na Linux yangu, niisifuyo hadi watu wanikimbie,
humzuia jirani kwa jirani,
lakini wa ndani hawafungiani kabati;
mchezo wa karata waweza kusoma barua zangu.
Sasa wazijengea programu visanduku,
kisha mtu atoboa kidirisha, cha faili tu,
na kidirisha chakua, chakua.

"Basi mnyime," asema.
Nabonyeza Kataa.
Hina yachorwa vilevile, ua kwa ua.

Betri nayo imevimba. Niachie, namwambia.
Anitajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya wateja wawili:
mwaka aliofiwa na mumewe.
Aenda zake sokoni.

Simu i wazi mkononi mwangu.
Picha. Ujumbe wa benki. Sauti ya Doha, dakika nne.
Hakuna kisanduku kilichotokea kumuuliza:
Umruhusu Famau?

Nimeilaza kifudifudi. Nimefungua mgongo. Nimegusa betri.

Arudi na mchicha.
"Badili namba ya siri," namwambia.
"Kwani umefanyani?"
Sijafanya.
Badili ungali waniamini.